Siri ya Kiwanda Mwisho Wake ni Mdomo wa Bomba

(Hotuba iliyotolewa Jinja mbele ya maafisa mazingira wa wilaya, viongozi wa LC (mabaraza ya mitaa), wawakilishi wa viwanda na wananchi wa kando ya mto na ziwa. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu maafisa mazingira, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa LC, nyinyi mliotumwa na viwanda, na nyinyi mnaochota na kuvua katika maji haya, hamjambo.

Ugomvi juu ya taarifa za mazingira katika nchi yetu hufuata njia ileile. Mwananchi anaomba matokeo ya vipimo vya maji machafu ya kiwanda fulani. Ofisi ya serikali inamwambia hizo ni taarifa za mwekezaji. Mwekezaji naye anasema mshindani akiziona atamwibia soko. Maneno yanaishia hapo, kila mmoja anarudi kwake akiamini ameonewa. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: ni mstari gani hasa, kwenye ukurasa gani, ambao mshindani akiusoma atapata kitu cha kumnufaisha?

Hoja yetu leo ni kwamba swali hilo likiulizwa kwa ukaidi, mstari kwa mstari, sehemu kubwa ya ugomvi inajifuta yenyewe. Mpishi ana haki ya kuficha viungo vya pilau yake. Hana haki ya kumficha jirani moshi unaoingia chumbani mwake. Siri ya biashara ni ya ndani ya ukuta. Kilichokwisha kutoka kwenye bomba, kwenye dohani au kwenye lori la taka ni habari ya kila mtu anayekipokea.

Tupitie sheria kwa haraka, maana wengi wenu mnaijua. Katiba ya 1995, ibara ya 41, inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola na vyombo vyake, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu. Angalieni kwamba biashara haikutajwa hapo. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na haki hiyo haitekelezeki kama hujui unavuta nini na unakunywa nini. Usiri wa kibiashara uliingia baadaye, katika Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005, iliyotungwa ili kuitekeleza ibara ya 41.

Sheria hiyo inazibana wizara, idara, mamlaka za serikali na serikali za wilaya. Haimgusi moja kwa moja mwenye kiwanda. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2016, wameipanua ifike hata kwa baadhi ya makampuni binafsi, sisi bado. Kwa hiyo barua yako usiipeleke getini kwa kiwanda, askari ataipokea na safari yake itaishia kwenye kibanda chake. Ipeleke kwa ofisi ambayo kiwanda kililazimika kuikabidhi nakala: NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira na jamii na za ukaguzi, Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji kwa vibali vya kumwaga maji taka, Mamlaka ya Petroli kwa mambo ya mafuta, au afisa mazingira wa wilaya. Taarifa ikishafika mikononi mwa serikali, imeingia chini ya sheria, hata kama iliandikwa na mtu binafsi kwa gharama zake.

Jambo moja la kiufundi kabla sijaendelea. Namba za vifungu ninazozitaja ni za Sheria kama ilivyopitishwa 2005. Toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 limepanga upya namba za sheria nyingi, kwa hiyo katika barua yako andika jina la kifungu pamoja na namba, ili asitokee mtu wa kukurudisha nyumbani kwa sababu ya tarakimu.

Sasa, siri ya biashara ni nini? Si kila kitu ambacho mwenye nacho angependa kisijulikane. Sheria yetu ya Kulinda Siri za Biashara ya mwaka 2009 inafuata vipimo vinavyotumika duniani kote: taarifa iwe haijulikani kwa kawaida katika sekta hiyo, iwe na thamani ya kiuchumi kwa sababu haijulikani, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana za kuilinda. Kipimo cha tatu ndicho kinachowaangusha wengi. Kampuni iliyobandika takwimu zake kwenye ubao wa matangazo wa kiwanda, au iliyozionyesha kwa wawekezaji kwenye mkutano wa wazi, haiwezi kurudi NEMA na kudai takwimu hizohizo ni siri. Nayo Sheria ya 2005 inaeleza taarifa za umiliki kuwa ni zile zinazohusu mchakato wa utengenezaji, siri ya biashara, alama ya biashara, hakimiliki, hataza au fomula inayolindwa na sheria. Orodha hiyo ina mchakato na fomula. Haina majitaka.

Kifungu cha 27 kinampa afisa habari milango mitatu ya kukataa: taarifa ni ya umiliki kwa maana niliyoieleza, au ni ya kisayansi au kiufundi ambayo kuitoa kunaweza kudhuru maslahi au kazi za chombo cha umma, au ilitolewa kwa siri na upande wa tatu, na kuitoa kunaweza kuuweka upande huo pabaya katika mazungumzo ya mikataba au katika ushindani. Kisha kifungu hichohicho kinafunga milango hiyo kwa jambo moja: matokeo ya vipimo vya bidhaa au vya mazingira hayawezi kukataliwa kwa sababu hizo, endapo kuyatoa kutafichua hatari kubwa kwa usalama wa umma au kwa mazingira. Kifungu cha 34 kinakwenda mbali zaidi. Kinamlazimisha afisa habari atoe taarifa, hata iliyo ndani ya milango ile, ikiwa itafichua uvunjaji mkubwa wa sheria au hatari kubwa kwa usalama, afya au mazingira, na ikiwa faida ya umma inazidi madhara yanayotajwa.

Hapa pana kasoro, na wanasheria wa makampuni wanaijua vizuri. Ili kuonyesha kwamba matokeo ya vipimo yanafichua hatari kubwa, lazima uwe umeyaona matokeo. Mwombaji anatakiwa athibitishe kilichomo ndani ya bahasha ambayo bado imefungwa. Katika kesi ya mikataba ya mafuta iliyofunguliwa na waandishi wa habari wawili na kuamuliwa mwaka 2010 katika mahakama ya Nakawa, hicho ndicho kilichowaangusha: mahakama iliona hawakuonyesha kwamba faida ya umma ilizidi madhara ya kuvunja usiri wa mikataba. Kwa maoni yetu, mzigo uliwekwa begani pasipostahili. Kifungu cha 34 kimeandikwa kama wajibu wa afisa habari, na afisa habari ndiye mwenye bahasha. Anaweza kuifungua. Kama ameona namba ya zebaki inayozidi kiwango halali, hahitaji mwombaji amkumbushe kwamba zebaki ni sumu.

Linganisheni na Mkataba wa Aarhus wa 1998 kuhusu haki ya kupata taarifa za mazingira, ambao Uganda si mwanachama wake. Huko, kulinda maslahi halali ya kiuchumi kunakubalika, lakini taarifa za utoaji wa uchafu zinazohusu ulinzi wa mazingira lazima zitolewe. Swali la ukubwa wa hatari haliulizwi. Swali ni kama kitu kimetoka au hakikutoka. Mahakama ya Ulaya, Novemba 2016, katika kesi za viuatilifu, ikaongeza kwamba utoaji huo si wa dohani za viwanda pekee: unahusu pia dawa inayonyunyiziwa shambani kwa matumizi ya kawaida, mradi tuzungumzie utoaji halisi au unaotarajiwa, si wa kubuni. Marekani nako, Sheria ya Hewa Safi hairuhusu takwimu za utoaji kufanywa siri ya biashara. Guinea-Bissau ilijiunga na Aarhus mwaka 2023, ya kwanza Afrika, kwa hiyo mlango upo kwa anayetaka kuingia.

Msidhani hata hivyo kwamba mikono yetu ni mitupu. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali zinazodumu muda mrefu na wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na yote miwili inasema waziwazi kwamba taarifa kuhusu afya na usalama wa binadamu na mazingira hazihesabiwi kuwa siri. Mkataba wa Rotterdam kuhusu viuatilifu na kemikali hatari zinazouzwa kimataifa, ambao nao tumo, unataja vitu visivyoweza kufichwa: karatasi ya usalama, tarehe ya kuisha muda, hatua za tahadhari, na muhtasari wa vipimo vya sumu. Ukiomba taarifa za zebaki katika machimbo ya dhahabu ya Busia, au za dawa inayonyunyiziwa kwenye maua kando ya ziwa, taja mkataba husika kwa jina. Barua inayotaja Minamata husomwa kwa makini zaidi kuliko barua inayosema "haki zetu za msingi". Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Nirudi kwa ndugu zetu wa viwandani, maana hoja yao ina uzito na si vizuri kuipita juu juu. Kuna wakati namba ya majitaka kweli inafichua siri. Kiwanda cha pombe kali kinachochachusha molasi hutoa takriban lita 8 hadi 15 za majitaka ya kahawia kwa kila lita ya spiriti. Mshindani anayejua aina ya mtambo, na akapata ujazo wa majitaka wa kila siku, anapiga hesabu ya uzalishaji wako kwa kalamu na karatasi. Anajua mwezi gani mtambo ulisimama, na mwezi gani ulikosa molasi ukalazimika kuinunua kwa bei ya juu. Hiyo ni hasara ya kweli.

Jibu ambalo makampuni hulipendekeza ni wastani: tuwape wananchi wastani wa mwezi, basi. Tulikatae, na hesabu ni hii. Chukua kiwango cha 100 mg kwa lita cha mahitaji ya oksijeni ya kikemikali, yaani COD, kipimo cha wingi wa uchafu katika maji, kilichokuwa kimewekwa na kanuni za kumwaga majitaka za mwaka 1999, kabla kanuni mpya hazijatoka 2020. Kiwanda kinatoa 70 kwa siku 29, na usiku mmoja mtambo wa kusafishia unakorofika, kinatoa 900. Jumlisha ugawanye kwa 30: wastani ni takriban 98. Karatasi inasema kiwanda kimetii sheria mwezi mzima. Samaki waliokufa usiku ule hawamo kwenye karatasi.

Kwa nini basi tusitoe ukolezi wa kila siku, yaani kiasi cha uchafu katika kila lita, na kuuficha ujazo? Kwa sababu ukolezi bila ujazo unadanganya kirahisi. Mita za ujazo 250 za majitaka zenye 200 mg kwa lita zina kilo 50 za uchafu. Fungua bomba la maji safi, ongeza mita 250 nyingine, na sasa unamwaga mita 500 zenye 100 mg kwa lita. Umefika kwenye kiwango bila kusafisha chochote. Kilo 50 zilezile zimeingia ziwani. Mhandisi wa mtambo wa maji wa Ggaba, anayevuta maji ya kunywa ya Kampala kutoka ghuba ileile ambamo mfereji wa Nakivubo unamwagika, anachohitaji kujua ni kilo.

Njia ya kati ipo, nayo ni muda. Thamani ya siri ya uzalishaji huoza haraka. Ujazo wa jana una faida kwa mshindani. Wa miezi mitatu iliyopita una faida ndogo sana. Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya: ukolezi na ujazo wa kila siku vitolewe vyote, kila robo mwaka, baada ya robo hiyo kuisha. Lakini siku yoyote ambayo kiwango kimevukwa, taarifa za siku hiyo zitoke papo hapo bila kungoja robo, kwa sababu anayevuka kiwango hana maslahi halali ya kulindwa katika namba hiyo. Kinachobaki ndani ni maji yanayoingia kwenye kila hatua ya mtambo, kiasi cha mafuta au bagasi (makapi ya miwa) kwa tani ya bidhaa, joto na muda wa kila hatua, majina ya wasambazaji na bei. Hayo hakuna mvuvi anayeyahitaji.

Mfano wa pili ni ngozi. Kiwanda cha kusindika ngozi hutumia chumvi ya kromiamu. Kiasi gani kwa kila kilo ya ngozi mbichi, kwa asidi gani, kwa saa ngapi ndani ya pipa linalozunguka, hiyo ni kazi ya fundi na ilindwe. Kromiamu inayobaki katika maji yanayotoka si kazi ya fundi tena. Kanuni za 1999 ziliiwekea 1 mg kwa lita kwa jumla, na 0.05 kwa ile ya aina ya sita, ambayo ndiyo hatari zaidi. Anayeomba aombe zote mbili. Jumla peke yake haikwambii kama ya aina ya sita ipo.

Kuhusu kemikali za kuchimbia visima vya mafuta na za mashambani, nyaraka ya kutafuta ni karatasi ya usalama ya kemikali. Ina sehemu 16 na mpangilio wake ni mmoja dunia nzima. Sehemu ya 2 ni hatari, ya 3 ni viambato, ya 4 huduma ya kwanza, ya 6 cha kufanya ikimwagika, ya 12 madhara kwa viumbe, ya 13 namna ya kuitupa. Ubishi wote huwa kwenye sehemu ya 3. Huko kampuni inaweza kuandika kiambato kipo kati ya asilimia 10 na 30 badala ya kusema 17.4, na mshindani hawezi kuiga mchanganyiko kwa kipimo hicho. Lakini jina la kiambato hatari na namba yake ya kimataifa ya usajili vibaki, kwa sababu daktari wa Buliisa, wilaya yenye visima vya mafuta, anayempokea mtu aliyemwagikiwa hawezi kutibu "kiongeza nguvu cha aina ya B". Marekani, baada ya janga la Bhopal la Desemba 1984, ilitunga mwaka 1986 sheria ya haki ya jamii kujua. Hata pale sheria hiyo inapokubali jina la kemikali kuwa siri, daktari ana njia ya kulipata anapomhudumia mgonjwa.

Na tukiwa Buliisa, niguse mafuta kidogo. Ripoti ya tathmini ya mradi wa mafuta wa Tilenga ilitolewa kwa umma, na mikutano ya hadhara ikafanyika Novemba 2018 Buliisa na Nwoya. Ni kurasa nyingi kupita kiasi, kwa Kiingereza, lakini zilikuwa wazi. Mikataba ya kugawana uzalishaji, kati ya serikali na kampuni za mafuta, ndiyo iliyobaki kabatini. Watu wa mazingira wakiiomba huambiwa hayo ni mambo ya fedha. Si ya fedha peke yake. Mikataba ya aina hiyo duniani huwa na vifungu vya kusema nani analipa gharama za kusafisha na kufunga visima, na mara nyingine vifungu vinavyoizuia serikali kubadili sheria, hata za mazingira, bila kuifidia kampuni. Kifungu cha namna hiyo, kama kipo, hakihusu ushindani wa soko hata kidogo. Uganda ilijiunga mwaka 2020 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta, EITI, ambao unataka mikataba iliyosainiwa au kurekebishwa kuanzia Januari 1, 2021 iwekwe wazi. Tarehe hiyo ishikeni.

Kuna vitu sisi wenyewe tungependa vifichwe. Ripoti za tathmini hutaja mahali ndege adimu wanapotaga na sokwe wanapolala, kwa vipimo vya setilaiti. Jangili hahitaji zaidi ya hapo. Toeni ramani ya eneo, vipimo kamili vibaki ofisini. Ni ajabu kidogo kwamba tumeona ripoti ambamo uzalishaji wa kiwanda umefutwa kwa wino mweusi, na viota vimeachwa.

Wino mweusi wenyewe una makosa yake. Wawakilishi wa viwanda, sikilizeni hapa. Kupiga muhuri wa SIRI kwenye kila ukurasa, pamoja na ukurasa wa yaliyomo na ramani ya barabara, ni kujidhuru. Afisa akiona kila kitu ni siri atajua hujui siri yako iko wapi, na hakimu naye hivyohivyo. Andaa nakala mbili tangu mwanzo, kamili na ya umma. Ambatanisha jedwali moja: ukurasa, mstari, kilichofichwa ni cha aina gani, mshindani atakitumiaje, kifichwe mpaka lini, na muhtasari gani umewekwa badala yake. Safu ya "mpaka lini" huachwa tupu karibu kila mara. Ijazeni, usiri usio na mwisho ndio wa kwanza kutiliwa shaka. Na unapofuta, usichore kisanduku cheusi juu ya maandishi kwenye kompyuta kisha ukatuma faili hilohilo. Maandishi bado yapo chini yake. Mtu atayanakili na kuyabandika mahali pengine, na siri yako imetoka kwa mkono wako. Futa maneno yenyewe, chapisha, piga skani upya, kisha jaribu kuyatafuta ndani ya faili kabla ya kulituma.

Maafisa, kwenu nina mambo mawili. La kwanza, kipengele cha usiri ndani ya mkataba hakiwi juu ya sheria ya Bunge. Serikali haiwezi kujifunga kwa kampuni kwamba itavunja kifungu cha 34. La pili, kukataa sehemu si kukataa nyaraka nzima. Sheria inataka kisichozuiliwa kitenganishwe na kitolewe. Kama siri iko kwenye ukurasa wa 88, kurasa nyingine zote zinakwenda kwa mwombaji. Mwenye taarifa lazima ajulishwe na apewe nafasi ya kujieleza kabla hujaamua, lakini kujieleza si kura ya turufu. Uamuzi ni wako, na sababu zake ziandikwe.

Wananchi na waandishi wa habari, sasa zamu yenu, na hapa ndipo maombi mengi mema hufia. Omba nyaraka, usiombe habari. "Tunaomba taarifa zote kuhusu uchafuzi wa kiwanda fulani" ni barua ya kukataliwa. Andika hivi: nakala ya kibali cha kumwaga majitaka cha kiwanda kilichopo mahali fulani, pamoja na masharti yake, ripoti za matokeo ya vipimo zilizowasilishwa chini ya kibali hicho kuanzia mwezi huu hadi mwezi ule, na vyeti vya maabara vinavyoambatana nazo. Hujui jina la nyaraka? Afisa habari ana wajibu wa kukusaidia. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na ofisi imwandikie. Sababu ya kuomba huulizwi, na kifungu cha 6 kinasema sababu uliyonayo, au anayodhani afisa kwamba unayo, haiathiri haki yako.

Omba kama raia, na uthibitishe uraia. Mwaka 2002, katika kesi ya shirika la mazingira la Greenwatch kuhusu mkataba wa kuuziana umeme wa bwawa la Bujagali, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mkataba ule ulikuwa nyaraka ya umma. Ombi likaanguka hata hivyo, kwa sababu shirika halikuleta ushahidi kwamba ni raia kwa maana ya ibara ya 41. Ushindi wa hoja kubwa ulipotea kwa karatasi ndogo. Mtu mmoja mwenye kitambulisho cha taifa aweke jina lake na nakala ya kitambulisho, shirika limsindikize.

Ukiletewa vyeti vya maabara, visome kabla ya kushangilia. Kiwe na tarehe na saa ya kuchukua sampuli, mahali kwa vipimo vya setilaiti, jina la mbinu ya upimaji, na kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo kinaweza kuona. Hicho cha mwisho ndicho kinachofichwa bila hata kuhitaji muhuri. Kama madini ya risasi yanaruhusiwa 0.1 mg kwa lita, na mashine haioni chini ya 0.5, neno "haikuonekana" halina maana yoyote. Sampuli ya kupima mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia inapaswa kukaa kwenye ubaridi wa karibu nyuzi 4 na kuanza kupimwa ndani ya siku moja au mbili. Ikikaa kwenye buti ya gari wiki nzima, vijidudu vimeshakula sehemu ya uchafu na namba itatoka nzuri. Angalia pia saa: sampuli zilizochukuliwa saa nne asubuhi siku za kazi tu hazisemi lolote kuhusu usiku.

Kuhusu majibu, sheria inaipa ofisi siku 21, na inaweza kuongeza mara moja kwa siku zisizozidi 21. Akufukuzaye hakwambii toka. Ofisi nyingi hazikatai, zinanyamaza. Kisheria ukimya baada ya muda huo ni kukataa, na kukataa kunafungua njia ya malalamiko kwa Hakimu Mkuu wa eneo, kisha Mahakama Kuu. Hatuna kamishna wa taarifa kama nchi nyingine, kwa hiyo njia ni hiyo. Hakimu atakuuliza barua ilipokelewa lini. Siku ya kwanza kabisa, unapofikisha barua, beba nakala ya pili, igongewe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na usiondoke dirishani bila kuishika mkononi.